Ruhusa Iliyotolewa Gizani: uchambuzi wa kisa kimoja cha ndoa, Tanga

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu nilipokuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa katika kata mojawapo ya Jiji la Tanga. Majina si yao. Kazi, watoto na mitaa nimeyageuza kiasi ambacho hata jirani wa ukuta kwa ukuta asiwatambue. Mke na mume wamekubali kiandikwe. Mke alisema kiandikwe ili mwingine asinyamaze kama alivyonyamaza yeye, mume alisema tu, "Andika, bibi." Mtu wa tatu sikuwahi kuiomba ridhaa yake, kwa hiyo yake nitayagusa machache.

Siku hizi "ndoa ya wazi", yaani wanandoa kuruhusiana wapenzi wa nje, imekuwa mazungumzo ya vijiweni na ya simu. Watu huizungumzia kama jambo la Ulaya lililokuja na intaneti. Mimi nimekaa na wanandoa wengi ambao ndoa zao zilikwisha kufunguliwa zamani, bila jina hilo na bila mazungumzo yoyote. Hii ni mojawapo.

Wenyewe na nyumba yao

Nitawaita Mwanaidi na Bakari. Kesi ilipoletwa, yeye alikuwa na miaka 37, mumewe 44. Walioana kwa ndoa ya Kiislamu, wakakaa miaka 15, watoto wanne. Bakari ni dereva wa lori: hupakia Tanga, hushusha Arusha, na mara nyingine huunganisha safari hadi mikoa ya ziwa, akakaa nje siku nane au kumi. Mwanaidi anapika kwa shughuli za watu: harusi, hitima, maulidi. Wana nyumba yao ya vyumba vinne upande wa Ngamiani. Kiwanja kilinunuliwa na Bakari, bati na milango ni pesa ya pilau.

Hawakuwa watu wa ugomvi. Majirani walikuwa wakiwatolea mfano, na hilo nadhani lilichangia, kwa sababu wanandoa wanaotolewa mfano huona haya kuomba msaada.

Usiku wa ruhusa

Kitinda mimba wao alizaliwa kwa upasuaji. Kidonda kilichelewa kupona, na hata kilipofunga, tendo la ndoa likawa maumivu. Kwa miezi minane hivi Mwanaidi alikuwa akitafuta sababu: mtoto hajalala, kichwa kinauma, kesho kuna shughuli ya sinia 20. Bakari hakulazimisha. Ila alianza kusimulia habari za madereva wenzake walioongeza mke, akizisimulia kama mambo ya watu, na Mwanaidi akizisikia kama mambo yake.

Usiku mmoja, taa imezimwa, Mwanaidi akasema: "Kama ni shida ya mwili, imalize huko huko barabarani. Mke mwenza usiniletee. Na mimi nisijue."

Bakari hakujibu. Aligeukia ukutani akalala, na asubuhi akaondoka na gari.

Nilipomuuliza Mwanaidi kwa nini alichagua hivyo, alinijibu bila kusita: "Mke mwenza ana haki, bibi. Ana zamu, ana matumizi, na Bakari akifa ile sehemu ya mke katika mirathi, moja ya nane, ninagawana naye. Hawara hana kitu. Nilimchagulia asiye na kitu." Nimelisikia hesabu hili kwa wanawake wengi wa pwani, na sitalibeza. Mtu aliyejenga nyumba kwa moshi wa kuni ana sababu ya kuogopa mwenye haki mpya. Kosa la hesabu lilikuwa mahali pengine: alidhani asiye na haki hawezi kuchukua kitu.

Mambo yalivyofuatana

Miezi michache baadaye Bakari akapata mwanamke katika mji mmoja wa njia ya Moshi, mshonaji wa nguo. Tumwite Rehema. Mwanzoni ilikuwa kama Mwanaidi alivyowazia, kupita na kuondoka. Kisha Rehema akawa anampikia. Kisha Bakari akawa analipa nusu ya kodi ya chumba, kisha kodi yote, kisha akanunua kitanda. Kondomu waliziacha ndani ya miezi sita. Nilimuuliza sababu, akasema, "Nilishamzoea." Kwa miaka niliyosikiliza kesi hizi, jibu hilo ndilo lililonitia hofu kuliko mengine yote. Mtu huacha kujikinga siku anapoanza kupenda, na hapo ndipo huwa ana watu wengi zaidi wa kuwaambukiza.

Nyumbani matumizi ya siku yakashuka kutoka shilingi 15,000 hadi 10,000, tena kwa kukumbushwa. Mwanaidi aliona. Hakuweza kuuliza, kwa sababu mwenyewe alisema asijue. "Nilijiziba mdomo kwa mkono wangu," aliniambia.

Mwaka wa tatu akapata oda ya pilau ya arobaini. Mwenye shughuli alikuwa mgane, mtu mpole, aliyerudi siku ya pili yake kulipa baki na kushukuru. Wakaandikiana. Simu za asubuhi zikawa za usiku. Walikutana faragha mara mbili. Mwanaidi hakunificha wala hakujitetea sana: "Nilijiambia mlango uko wazi, na niliyeuacha wazi si mimi peke yangu."

Bakari aliujua ujumbe mmoja tu, ulioingia saa tano za usiku mtoto akichezea simu: "Umefika salama?" Aliivunja simu ile. Kesho yake, akiwa njiani, akamwandikia mkewe kwa simu ya binti yao mkubwa: "Nimekuacha. Nenda kwa mama yako." Mwanaidi akamchukua mdogo wao, akaenda kwao Pangani.

Katika juma lile lile Rehema akapiga ile simu ya pili ya Bakari, aliyoisahau nyumbani. Aliyepokea ni binti, mwenye miaka 14. Rehema, akidhani anaongea na mdogo wake Bakari, akasema: "Mwambie kaka yako mtoto anacheza tumboni, mwezi wa tano huu."

Bakari alikuja barazani akiwa mshitaki. Alitaka mambo mawili: ndoa ivunjwe, na yule mgane alipe fidia ya ugoni.

Maamuzi yetu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mbaya, na mimi ndiye niliyeupendekeza. Niliita familia. Nilikuwa na aya kichwani, ile ya Suratun-Nisaa inayoagiza msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Wawili. Walikuja 11. Wifi yake Mwanaidi alikuja amejifunga kanga yenye jina la kumsuta, akakaa mbele kabisa ili isomeke. Kabla ya saa moja kupita, miaka mitatu ya ndani ya nyumba ilikuwa imetandazwa ukumbini, na jioni ile ile ilikuwa imeshafika barabara tatu za Ngamiani. Binti akaacha kwenda madrasa kwa wiki mbili. Ningalikaa na wawili walioagizwa, wenye kifua, haya yasingetokea.

La pili lilikuwa ule ujumbe wa simu. Je, mke ameachwa? Tulimpelekea shehe. Alimuuliza Bakari nia yake, kwa kuwa talaka ya maandishi hutegemea nia ya aliyeandika, na Bakari akakiri kwamba alikusudia. Ikahesabiwa talaka moja, ya rejea, yaani mume anaweza kumrudia mkewe kabla eda haijaisha. Sisi tukamweleza upande wa serikali: kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mahakama haipokei shauri la talaka mpaka baraza kwanza lijaribu kusuluhisha na kuthibitisha kwa hati kwamba limeshindwa. Kwa hiyo mbele ya dini alikuwa mke aliye katika eda, na mbele ya sheria bado alikuwa mke.

Hapo shehe akasema jambo lililobadilisha mwendo wa kesi. Mwenye eda ya rejea hatolewi nyumbani kwake. Qurani imekataza wazi katika Suratut-Talaq. Bakari alikuwa amemtoa. Mwanaidi akarudishwa kutoka Pangani, akaingia nyumba aliyoiezeka, na Bakari akahamia kwa kaka yake kwa siku anazokuwa mjini. Wajumbe wawili walipinga wakisema mwanamke aliyekosa anapewa zawadi. Mimi niliunga mkono, kwanza kwa ajili ya watoto, pili kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba mwanamke akishatoka na begi, maneno yote yanayofuata huwa ya kugawana vyombo.

La tatu, vipimo. Nilikataa kuzungumzia kurudiana kabla wote wawili hawajapima VVU, kaswende na homa ya ini B, na kurudia VVU baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya huweza yasionekane mara ya kwanza. Bakari alikasirika, akasema anafanywa mhuni. Kilichomlainisha ni pale nilipomkumbusha kwamba Rehema, akiwa mjamzito, amekwisha kupimwa kliniki, na kwamba kama kuna neno, yeye atakuwa wa mwisho kulijua. Majibu ya vipimo vyao si ya kuandikwa hapa.

Kuhusu fidia ya ugoni hatukuchukua muda. Sheria ile ile, kifungu cha 72, inamruhusu mwanandoa kumdai fidia aliyezini na mwenzake, lakini shauri hutupwa ikithibitika kwamba mdai mwenyewe aliridhia. Bakari alisema hakuridhia kamwe, na ninaamini kwamba hakuridhia. Ila ili kulisema hilo mahakamani angelazimika kusimama na kueleza habari yote, pamoja na ya kwake. Akaiacha.

La mali lilihitaji sauti. Wazee wawili walikuwa wameshamwambia Mwanaidi kwamba mke mzinifu hana chake. Alikuwa ameanza kuamini, na alikuwa tayari kukubali lolote ili asifukuzwe. Nilimweleza mbele yao wote kwamba mahakama ikivunja ndoa hutazama mchango wa kila mmoja katika mali, na kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed hata kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango, sembuse bati alilonunua kwa risiti. Sikusema hivyo ili aende mahakamani. Mtu anayedhani atalala njiani hawezi kusuluhishwa. Anasalimu amri tu.

Mazungumzo ya siku nne

Baada ya hapo nilikaa nao wawili bila ndugu, siku nne tofauti, baraza tupu. Niliwapa kazi moja: kila mmoja aeleze alielewa nini usiku ule.

Bakari alielewa kwamba amepewa ruhusa isiyo na mwisho, ilimradi asioe na asiseme. Rehema, kwa hesabu yake, hakuvunja sharti lolote. "Mimi aliniruhusu. Yeye nani alimruhusu?"

Mwanaidi alielewa kwamba ametoa ruhusa ya miezi michache, mpaka apone. Alikuwa akingoja mumewe amuulize, "Umepona?" Hakuulizwa. Na kuna jambo alilisema siku ya tatu, akiangalia sakafu: usiku ule alitamani Bakari akatae. Alisema vile ili asikie, "Sitaki mwingine, nitakungoja."

Nilimgeukia Bakari nikamuuliza alijibu nini usiku ule. "Sikujibu." Kwa nini? Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema alidhani mkewe amemchoka, na kwamba ile ilikuwa njia yake ya adabu ya kumwondoa kitandani.

Basi kwa miaka mitatu kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hamtaki.

Matokeo

Eda ilipokaribia kwisha Bakari akataka kumrejea. Kwa fikihi, yaani sheria ya dini, hahitaji idhini ya mke katika rejea, lakini aya yenyewe katika Suratul-Baqara imeweka sharti la kutaka suluhu, nasi tukamwambia suluhu haitakiwi na mtu mmoja. Alimwomba. Mwanaidi alikubali kwa masharti yaliyoandikwa na kusainiwa: ruhusa ile imefutwa kwa wote wawili, kwa maneno, mgane hatapikiwa tena, matunzo ya mtoto wa Rehema yatatumwa kila mwezi, hadharani, nyumba nzima ikijua, na hakuna atakayepekua simu ya mwenzake. Hilo la mwisho Bakari alilipinga. Mwanaidi alishikilia, akasema akikaguliwa ataishi kama mfungwa na bado hataaminiwa.

Bakari alikuwa na mpango mwingine pia, kumwoa Rehema. Ndoa yao kwa asili yake inaruhusu mke wa pili, ingawa sheria inampa mke wa kwanza nafasi ya kuwasilisha pingamizi, kwa mfano kama kipato cha mume kitawatia watu dhiki. Mwanaidi alisema atapinga kwa maandishi. Haikufika huko. Rehema mwenyewe alikataa. Niliongea naye mara moja tu, kwa simu, akaniambia hataki kuolewa ili kufunika mimba. Kisha akaniuliza swali: "Hao walikubaliana kuhusu mimi, mimi nilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mtoto alizaliwa salama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inambana baba kumtunza mtoto wake hata asipokuwa wa ndoa, na Bakari hilo hakulibishia. Pesa ilikwenda miezi mitatu bila kukosa, kisha ikaanza kuruka.

Uchambuzi

Niseme kwanza lililo wazi kwa watu wa imani yetu. Idhini ya mke haiigeuzi zinaa ikawa halali, wala idhini ya mume. Shehe aliwaambia hivyo wote wawili na hakuna aliyebisha. Lakini sitaki kuishia hapo, kwa sababu wapo watakaosoma haya wasioifuata dini hii, na wapo wanaoifuata ambao wameshatoka nje ya mstari na wanahitaji kuelewa kilichowatokea.

Pwani tunao uke wenza, na una nidhamu yake: mahari, mashahidi, zamu, matumizi sawa, jina la mtu linalojulikana. Na wapo wanandoa, huku kwetu na nchi nyingine, wanaokubaliana waziwazi kwamba kila mmoja ana uhuru. Wanaolifanya kwa uaminifu huongea kabla, hupeana haki sawa, huambiana kinachoendelea, hujikinga, na yeyote kati yao anaweza kusema basi. Siyapendekezi hayo. Ninayataja kwa sababu walichofanya Mwanaidi na Bakari hakikufikia hata kipimo hicho. Hakukuwa na uadilifu wa uke wenza wala uwazi wa makubaliano. Kulikuwa na sentensi tatu za mtu aliyechoka, na mgongo uliogeuka.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyoua. "Nisijue." Bakari angeweza kusema ameanza kumpenda mtu, na wakaamua mapema. Mwanaidi angeweza kusema amepona. Kila njia ya kurudi ilipita kwenye mazungumzo, nayo yalikuwa yamepigwa marufuku na mwenye kuyahitaji zaidi. Na asiyejua hawezi kujikinga na maradhi.

Kuhusu haki ya Mwanaidi kufanya kama mumewe, wajumbe tuligawanyika. Wengine waliona alilipiza. Mimi sioni hivyo. Alikuwa mpweke, akaulizwa kama amefika salama, na lilikuwa swali ambalo nyumbani hakulisikia tena. Alikosa, naye anajua. Lakini Bakari alipomwita msaliti, alikuwa akitumia kipimo alichojiondolea mwenyewe.

Sasa lile ninalolijutia zaidi ya kile kikao cha watu 11. Tulitumia miezi kuchambua ruhusa, na hatukuuliza kwa nini ilihitajika. Maumivu yake yalikuwa ugonjwa. Mwanaidi alifundwa na somo wake, yaani kungwi, kabla ya kuolewa, akafundwa vizuri, namna ya kumpokea mume na kumpendeza. Hakufundwa la kufanya mwili wake ukimuuma. Hospitali walimpa tarehe ya kumpeleka mtoto chanjo, yeye hakuulizwa. Bakari hakujua kwamba yapo maumivu baada ya upasuaji yanayotibika. Nilimpeleka kwa daktari wa wanawake mwezi wa nne wa kesi, baada ya kusikia kwa bahati tu akimweleza binti wa jirani. Alitibiwa. Wiki chache maumivu yakapungua sana. Miaka mitatu, mtoto wa nje, talaka moja, na tiba ilikuwa Tanga hii hii.

Kilichofanya kazi ni kumrudisha mke nyumbani wakati wa eda, vipimo kutangulia hisia, na kuwasikiliza bila ndugu. Kilichoshindikana, mbali na hayo niliyokwisha kusema, ni binti na Rehema. Binti alibeba siri ya simu ile siku sita kabla ya kumwambia mtu, na hakuna mtu mzima aliyemkalisha chini mpaka alipoacha madrasa. Rehema tulimjadili vikao sita kama tatizo la Bakari. Ningemwita mapema, akae kwenye kiti kama wenzake.

Hali ilivyo

Mwaka mmoja na nusu umepita. Bakari ameomba njia fupi, sasa analala nyumbani siku nyingi. Binti humwamkia baba yake na kumwekea chai, haongezi neno.

Mara ya mwisho nilipopita pale, Bakari alikuwa safarini na pesa ya mtoto ilikuwa imechelewa wiki mbili. Mwanaidi alitoa ya pilau akaituma mwenyewe kwa simu, ikaenda na jina lake. Ujumbe ukarudi akanionyesha: "Imefika. Ahsante, dada." Aliuangalia kwa muda, akaiweka simu juu ya mkeka uso ukiwa chini, akarudi kuchambua mchele.